Mfugaji akizidiwa na mawazo, nani atamkamia ng'ombe?

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu hicho, tulichoachiwa na wakoloni, kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai akanusurika ahesabiwe mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Kuna namna mbili za kuusoma uamuzi huo ambazo naona zinapotosha. Ya kwanza inasema mahakama imehalalisha jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelikataza. Ya pili inasema sasa mambo yamekwisha: aliyelemewa aende hospitali, atibiwe, arudi nyumbani. Wanaoshika ile ya kwanza hawakuusoma uamuzi wenyewe, maana mahakama haikulisifu tendo. Ilichokataa ni kumtibu mgonjwa kwa pingu. Wanaoshika ya pili ndio wanaonishughulisha zaidi, kwa kuwa nia yao ni njema na bado wanakosea. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Malindi au Mpeketoni, huku Pwani ya Kenya, hafaidiki na mlango wa hospitali ulio wazi ikiwa hakuna mtu mwingine awezaye kumkamia ng'ombe wake saa kumi jioni. Hoja yangu ni kwamba msongo wa mfugaji huyu umefungwa kwenye ratiba isiyo na siku ya mapumziko, na matibabu yoyote yatakayomfikia yatakwama hadi apatikane mtu wa pili anayekijua kiwele cha yule ng'ombe.

Kwa upande wa sheria, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti zikatwikwa jukumu la kuzifikisha huduma hizo mashinani. Lakini tuhesabu saa za siku ya mfugaji wa Kakoneni au Langobaya anayetakiwa kumwona daktari wa akili Kilifi. Anakama saa kumi na moja alfajiri. Maziwa yanapaswa kumfikia mteja au boda wa maziwa kabla ya jua kukolea. Baada ya hapo ndipo asafiri hadi Malindi mjini, na kutoka Malindi kwenda Kilifi kuna kama kilomita 60 nyingine. Foleni ya kliniki haipangwi kwa saa za kukama. Anapomaliza na kuchukua dawa, jioni imekwisha kuingia, kiwele kimejaa, ndama analia, na mteja wa jioni amenunua maziwa ya pakiti dukani. Daktari akimwambia arudi baada ya wiki mbili, atasema sawa, na hatarudi. Kitabu cha kliniki kitamwandika kama mgonjwa aliyeacha matibabu kwa hiari yake.

Asiyewahi kufuga ng'ombe wa gredi, yule wa kigeni wa maziwa mengi, huona neno "kufungwa" limetiwa chumvi. Ng'ombe wa gredi au chotara anayetoa lita 10 au 12 kwa siku hutengeneza maziwa mchana na usiku bila kusubiri ruhusa. Usipomkama kwa wakati, kiwele hukaza, maziwa huvuja, chuchu hubaki wazi kwa vijidudu, na ugonjwa wa kiwele huingia. Ng'ombe wa uzito wa kilo 400 hivi huhitaji kilo 60 hadi 70 za matete mabichi kwa siku, na akiwa anakamwa hunywa lita 60 hadi 100 za maji. Mwenye ng'ombe wawili na asiye na mfereji karibu anabeba maji na nyasi zenye uzito wa kilo 240 au zaidi kila siku ya Mungu, Ijumaa na Jumapili zikiwamo, Idi na Krismasi zikiwamo. Juu ya hayo weka hali ya hewa yetu. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari haumpi ng'ombe nafasi ya kupoa. Mtazame ubavuni ukiwa na saa mkononi: akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ameelemewa. Hula kidogo, maziwa hupungua, na dalili za kutaka dume hufifia hata mwenyewe asizione. Mfugaji huona maziwa yakishuka na kujilaumu kwamba ni mzembe, wakati sababu ni paa la mabati lililowekwa chini mno. Banda la makuti lenye urefu wa mita 3, maji muda wote, na chakula kingi kutolewa jioni na usiku badala ya saa sita mchana, huondoa sehemu ya mzigo huo kwa gharama ndogo.

Mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, hulala vibaya, huamka amechoka, husahau, na kila uamuzi humwia mzito. Kwa mwalimu au karani, siku kama hizo huonekana kama uvivu na zikapita. Kwa mfugaji hugeuka hasara mara moja, kwa njia inayofahamika. Ng'ombe huingia joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, na dalili zenyewe hudumu saa chache tu, mara nyingi usiku. Kanuni ni kwamba akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Aliyekosa usingizi wa wiki nzima haoni, na siku 21 za lishe zimekwenda bure. Kunyunyizia dawa ya kupe huku kwetu hufanywa kila wiki, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huua ng'ombe wa gredi kwa siku chache. Akiruka wiki mbili, anaweza kumkuta ng'ombe wa zaidi ya shilingi laki moja amevimba tezi chini ya sikio, ana homa, ameacha kula. Asipoingiza chuchu kwenye dawa baada ya kukama, ugonjwa wa kiwele unafuata. Kila hasara humthibitishia lile ambalo ugonjwa ulikuwa ukimnong'oneza, kwamba hafai kitu. Ndiyo maana dalili za kwanza hazionekani usoni mwa mfugaji, bali bandani. Samadi haijazolewa kwa siku tatu. Daftari la maziwa lina kurasa tupu. Ndama amekonda. Mtu aliyekuwa akimwita ng'ombe kwa jina sasa anampiga kwa fimbo. Au anataka kumuuza ng'ombe aliyeko kwenye kilele cha maziwa, haraka, kwa bei yoyote. Anayeyaona haya mapema ni boda wa maziwa na muuza dawa za mifugo, siku nyingi kabla ya daktari. Wao ndio wafundishwe kuuliza.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: wazee wetu walifuga maisha yao yote, hawakujua sonona wala ushauri nasaha, na walivumilia. Walifuga, ndiyo, lakini walifuga nini na wakiwa na nani? Zebu, ng'ombe wa kienyeji, wa Mgiriama au ng'ombe wa Mworma alikuwa na ndama wake ubavuni. Siku ambayo mama mwenye nyumba hakukama, ndama alinyonya akamaliza, na hakuna kilichoharibika. Ng'ombe alijitafutia nyasi na maji, akichungwa na vijana wa ukoo kwa zamu, na mzee akiugua, wapwa walikuwapo. Kupe walimuuma tangu udogoni, na waliookoka walijenga kinga. Maziwa yalikuwa ya kutumia nyumbani kwanza, si ya kulipia mkopo. Mfugaji wa leo wa Ganda kule Malindi au Hindi kule Lamu ana ng'ombe aliyefungiwa bandani, asiyeweza kujilisha, mwenye kiwele kinachodai saa zake, huku watoto wakiwa shuleni na kaka zake Mombasa au Ughaibuni. Kumwambia avumilie kama babu yake ni kumpa kazi ya watu sita na kumdai subira ya mmoja. Na kusema wazee hawakuugua si kweli pia. Waliugua, wakaitwa majina mengine, wengine wakafichwa vyumbani hadi wakafa.

Hoja ya pili ina uzito, na siipingi ila kwa sehemu. Inasema: mnazungumzia mioyo ya watu ilhali tatizo ni mfuko, lipeni maziwa bei nzuri, leteni mitambo ya kupoza, punguzeni bei ya chakula cha ng'ombe, na mawazo yatakwisha yenyewe. Kweli, deni hulaza watu macho. Maziwa mabichi yakikaa kwenye joto letu huanza kuchacha baada ya saa chache, ilhali yanatakiwa kupozwa hadi nyuzi 4 mapema iwezekanavyo, kwa hivyo maziwa ya jioni mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa au humwagwa. Mtambo wa kupoza ulio karibu ungeokoa mapato na usingizi. Lakini tuangalie kinachotokea fedha zinapoingia bila mikono kuongezeka. Mradi humpa mfugaji mtamba wa pili. Sasa ana kilo 140 za nyasi za kukata, kiwele cha pili, kalenda ya pili ya joto na mimba, na mkopo wa banda kubwa zaidi. Akiwa mzima, kipato hupanda. Akiwa tayari ameinamishwa, ng'ombe wa pili humvunja. Kipimo chema cha mradi wa mifugo kingekuwa swali hili kabla ya mtamba kushushwa kutoka kwenye lori: ukilazwa siku tano, nani atawakama? Asiye na jibu apewe kwanza mtu, ndipo apewe ng'ombe.

Kuhusu dini nitasema machache. Dua, Qur'ani, sala na maombi humpa mtu nguvu, na kusanyiko la msikitini au kanisani humtoa katika upweke ambao kazi ya alfajiri na jioni humtia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza kutafuta tiba. Imamu au mchungaji anayemsomea mgonjwa na kisha kumsindikiza kliniki amefanya mambo mawili mema. Anayesema dawa ni ukosefu wa imani huenda akampoteza muumini wake.

Sasa huyo mtu wa pili. Makosa yanayofanywa hapa ni yale yale: mfugaji huzidiwa ghafla, kibarua mgeni huitwa asubuhi hiyo hiyo, ng'ombe hukataa kuteremsha maziwa, humpiga teke, kibarua humkama nusu, na baada ya siku tatu chuchu moja imevimba. Mfugaji aliyekuwa amepumzika hurudi kwenye msiba mwingine na kuapa kwamba hatamwachia mtu tena. Sababu iko mwilini mwa ng'ombe. Ili maziwa yashuke, ubongo wake hutoa homoni iitwayo oksitosini baada ya kiwele kuoshwa na kuguswa, nayo hufanya kazi kwa dakika chache tu, tano hadi nane hivi. Akiogopa, homoni ya hofu huizuia ile ya kwanza, na maziwa hubaki ndani hata ukikama hadi vidole vife ganzi. Kwa hiyo mkamaji wa akiba lazima azoeleke kabla ya dharura. Aanze kwa kusimama tu na mwenyewe akikama, kisha akame chuchu mbili huku mwenyewe akikama nyingine, kisha akame peke yake mwenyewe akiwa karibu, na mwisho akame mwenyewe akiwa hayupo. Kazi hiyo ichukue wiki nzima ya mikamo ya asubuhi, na irudiwe kila mwezi hata kama hakuna anayeumwa, maana ng'ombe husahau na watu husahau.

Utaratibu wenyewe uwe mmoja kwa wote wawili, kwa sababu ng'ombe hupenda mazoea. Mikono ioshwe. Kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa chake, kisichotumika kwa ng'ombe mwingine. Mikamo miwili mitatu ya mwanzo ya kila chuchu iingie kwenye kikombe cheusi, aangalie kama kuna mabonge au maji maji. Yakionekana, ng'ombe huyo akamwe wa mwisho na maziwa yake yasiende kwa mteja. Kisha akame bila kukatiza hadi amalize, aingize kila chuchu kwenye dawa ya iodini, na ampe ng'ombe majani papo hapo ili asimame walau nusu saa, maana akilala chini mara tu baada ya kukamwa, vijitundu vya chuchu bado vi wazi na uchafu huingia. Ukutani, mahali pasipofikiwa na mvua, paning'inizwe karatasi moja ndani ya mfuko wa nailoni. Iandikwe jina la kila ng'ombe, siku aliyopandishwa, siku ya kumkausha, ambayo ni siku 60 kabla ya kuzaa, dawa aliyopewa na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa tena kuuzwa, kiasi cha chakula kwa kopo la kasuku badala ya "kiasi", na nambari ya simu ya daktari wa mifugo. Karatasi hii ina faida nyingine isiyozungumzwa. Mtu mwenye sonona husumbuliwa usiku na orodha ya mambo anayoogopa kuyasahau, na mambo yakishaandikwa ukutani, kichwa hupata nafasi.

Hata kabla ya kumpata mkamaji, kuna mkamo mmoja unaoweza kuondolewa. New Zealand, ambako wafugaji wengine hukama mara moja tu kwa siku kwa msimu mzima, mazao hupungua kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30, na wanaoamua hivyo wengi hufanya kwa ajili ya kupata maisha. Kwetu kuna njia nyepesi zaidi kwa wenye chotara: mkamo wa jioni aachiwe ndama. Ndama wa wiki chache huhitaji lita 4 hadi 5 kwa siku, ambazo ni karibu sawa na maziwa ya jioni ya ng'ombe wa lita 10, yale yale yanayotuchachia mikononi. Asubuhi mfugaji akame kwa ukamilifu na auze yote. Jioni ndama aachiliwe kwa nusu saa, kisha atengwe. Kunyonya huko husafisha kiwele, na hupunguza ugonjwa wake. Njia hii haifai kwa ng'ombe aliyezaa karibuni mwenye lita 18, kwa sababu ndama hatamaliza na yanayobaki yataleta madhara. Haifai pia pale ndama amekufa au ng'ombe amezoea kukamwa bila ndama. Na kuna pingamizi zito ambalo wanaume hulisahau: katika nyumba nyingi fedha za asubuhi hupitia chamani na kuingia kwa jina la baba, na zile za jioni, zinazouzwa kwa kibaba mlangoni kwa chai na uji wa Ramadhani, ndizo anazozishika mama. Ukiufuta mkamo wa jioni bila kuzungumza, umempumzisha mmoja na kumnyang'anya mwingine, na huenda aliyezidiwa tangu mwanzo alikuwa huyo mama. Kwa hiyo fidia ipangwe kwanza: sehemu ya malipo ya asubuhi iingie moja kwa moja kwenye simu yake.

Mikono ikishapatikana, hospitali inaanza kuwa na maana, na hapo pia mfugaji ana jambo lake la pekee la kudai. Uchovu usioisha, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno, na moyo kuwa mzito kwa miezi vinaweza kuwa sonona. Vinaweza pia kuwa bruselosi, inayomwingia mtu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba bila glavu. Mfugaji amwambie daktari kwamba yeye hufuga. Kipimo cha haraka kinachotumika sana katika zahanati kimeonekana kuwataja wengi kuwa na ugonjwa wasionao, kwa hiyo aombe kipimo cha Rose Bengal. Ikithibitika, dawa humezwa kwa wiki 6 kamili, na anayeziacha baada ya siku kumi akijisikia nafuu mara nyingi hurudi pale pale. Ikiwa si bruselosi, wala si malaria, wala si upungufu wa damu, basi kuna maswali tisa, yaliyokwisha kutafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili hapa Kilifi, yanayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita, yakiwamo ya usingizi, hamu ya kula, raha ya mambo, nguvu, kujilaumu, umakini, na mawazo ya kutaka kufa. Alama huanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuonwa kwa makini. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuyauliza akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa banda. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliopitia huko walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Dawa za sonona nazo hufanya kazi, ila huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya mtu kuhisi tofauti kamili, na wengi huziacha katika wiki ya kwanza kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Jambo moja lisisubiri kliniki wala kikao. Katika nyumba ambayo mtu amekata tamaa, dawa ya kupe na dawa za shambani zitolewe leo hii. Zikae kwa jirani au zifungiwe kwenye kabati la chuma na funguo ashike mwingine, na kuanzia hapo inunuliwe ile ya kutosha mnyunyizio mmoja tu. Wapo wanaodharau hatua hii wakisema aliyeamua ataamua. Sivyo. Saa ya giza totoro mara nyingi hupita, na waliovushwa wengi wao huishi. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali zaidi za mashambani, idadi ya waliojitoa uhai nchini humo ilishuka kwa zaidi ya nusu. Usiogope kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kufa. Swali halimtii wazo, humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali iliyo karibu, na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, na pombe ya mnazi, mjadala wetu uliishia kwenye marufuku ya muguka ya Mei 2024 na kesi zilizofuata, bila kuuliza kwa nini mtu wa alfajiri anatafuna. Anatafuna ili aweze kukata nyasi akiwa hakulala, kisha jioni anakunywa mnazi ili alale, na saa tisa usiku usingizi unakatika. Kumpa mkamaji wa asubuhi mbili kwa wiki kutamsaidia kuacha kuliko hotuba.

Nani alipe? Chukua kikundi cha wafugaji 20, kila mmoja akipeleka lita 8 kwa siku. Wakikatwa shilingi 1 kwa lita, ni shilingi 160 kwa siku, 4,800 kwa mwezi. Mkamaji wa akiba akilipwa shilingi 500 kwa siku, hizo ni siku 9 na zaidi kila mwezi, ambazo kwa mwaka humpa kila mfugaji siku 5 na zaidi za kuugua, kuzika, kwenda kliniki au kulala tu. Shilingi 2 zitampa siku 11. Anayepeleka lita 20 atalalamika kwamba anachangia zaidi, na ana haki. Apewe siku zaidi, kwa kuwa viwele vyake ni vingi na vinamfunga zaidi. Kinachoweza kuua mpango huu ni kuufanya wa wagonjwa peke yao, kwa sababu hapo kila anayemwita mkamaji atakuwa amejitangaza, na hakuna atakayemwita. Siku ziwe haki ya kila mwanachama bila kuulizwa sababu, na asiyezitumia zote kwa mwaka akumbushwe na karani. Kaunti kwa upande wake inaweza kuweka mafunzo ya wakamaji wa akiba ndani ya miradi ya maziwa iliyopo, na kuileta chanjo ya ndigana kali karibu, ambayo hudungwa mara moja pamoja na antibayotiki na kumwondolea mfugaji ile hofu ya kila wiki. Eneo hili lina historia na chanjo hiyo: aina moja ya vimelea iliyotumika katika majaribio ya chanjo huku Pwani ilipewa jina la Marikebuni, kijiji cha Magarini. Yote hayo yatachukua muda. Makato ya shilingi moja yanaweza kupitishwa kwenye kikao kijacho cha kikundi chochote kuanzia Gede hadi Mpeketoni, pamoja na majina ya wakamaji wawili kwa kila kijiji, nao waanze kukama bega kwa bega na wenye ng'ombe wakati wote bado ni wazima.